Nani Ahalalishe Vita? Funzo la Kagera kwa Sisi Tunaoishi Kando ya Ruvuma



Kabla ya risasi ya kwanza kulia, vita hutanguliwa na maneno. Hakuna serikali wala kikundi chenye silaha kinachosema, "Tunapigana kwa sababu tunataka." Kila upande husema unajilinda, unawakomboa wanyonge, unatetea dini, unalinda mpaka au unafagia magaidi. Baada ya maneno hayo huja mjadala wa pili: nani ametoa ruhusa? Je, Umoja wa Mataifa umeridhia? Umoja wa Afrika umesema nini? Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, imeamuaje?

Kwetu sisi wa Mkomaindo na vijiji vya Masasi na Newala, hizo si habari za mbali. Ukisimama pale Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, unaliona bonde la Ruvuma limelala chini yako, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa kwa mara ya kwanza, jimbo la Cabo Delgado limekuwa uwanja wa vita. Oktoba 2020 vita hivyo vilivuka mto, kijiji cha Kitaya katika mkoa wetu wa Mtwara kikashambuliwa na watu wakauawa. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako pande zote mbili za mto huo. Anayelia ng'ambo mara nyingi ni shangazi au mjomba wa mtu aliyeko huku.

Katika mabaraza yetu, baada ya Misa na hata kwenye maghala ya korosho, tunasikia majibu mawili. La kwanza husema: wakubwa wamekwisha kukaa na kupitisha, mwananchi hana la kuuliza. La pili husema: taasisi hizi za kimataifa ni kelele tupu, mwenye nguvu mpishe, kila taifa lijitetee lenyewe. Tunaona kwamba majibu yote mawili yamepotoka. Ruhusa ya taasisi haitoshi kuifanya vita kuwa ya haki, wala ukimya wa taasisi haumpi mtu yeyote kibali cha kufanya apendavyo. Tena uhalali wa vita hautolewi mara moja kama cheti cha kuzaliwa. Unapaswa kuulizwa upya katika kila hatua. Funzo hilo tunalo nyumbani, katika historia ya vita vya Kagera.

Sababu, nia na uwezo

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo la Tanzania lililo kaskazini ya mto Kagera. Raia waliuawa, ng'ombe waliporwa, nyumba zilichomwa, na maelfu ya watu walikimbia makwao. Daraja la Kyaka lilibomolewa. Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni sehemu ya Uganda. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa, na maneno matatu ya hotuba ile yanakumbukwa hata na wajukuu wa waliomsikiliza: uwezo, sababu na nia.

Maneno hayo hukumbukwa zaidi kama mbiu ya ushujaa. Lakini aliyeyasema alikuwa Mkatoliki, na mtu anayeyajua mafundisho ya Kanisa atayatambua. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akiufuata mkondo wa Mtakatifu Augustino, alifundisha kwamba ili vita viwe vya haki yanahitajika mambo matatu: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2309, inaeleza masharti kwa ukali zaidi: madhara yanayosababishwa na mvamizi yawe makubwa, ya kudumu na ya hakika, njia nyingine zote za kuyazuia ziwe zimeonekana kuwa haziwezekani au hazifui dafu, kuwepo na matumaini ya kweli ya kufanikiwa, na silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale yanayotakiwa kuondolewa.

Tuipime Novemba 1978 kwa masharti hayo. Sababu ilikuwepo, tena wazi: ardhi ilitekwa na wananchi waliuawa. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumtoa mvamizi. Uwezo ulikuwepo, ingawa kwa gharama ambayo taifa maskini halikupaswa kuibeba. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inalinda haki ya nchi iliyoshambuliwa kujitetea, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba maadamu hakuna mamlaka ya kimataifa yenye nguvu za kutosha, serikali haziwezi kunyimwa haki ya kujilinda baada ya njia zote za amani kujaribiwa. Kwa hiyo hatusiti kusema: kumrudisha mvamizi nyuma ya mpaka kulikuwa haki.

Taasisi iliyotafuta usuluhishi bila hukumu

Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulikuwa wapi? Mkataba wake, uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963, ulisimama juu ya nguzo za mamlaka ya kila nchi, kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine na kusuluhisha migogoro kwa amani. Mwaka 1964, huko Cairo, viongozi waliazimia kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe, na Nyerere mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio hilo. Uvamizi wa Kagera ulikuwa ukiukaji wa wazi wa azimio hilo. Hata hivyo, OAU haikumlaani mvamizi. Ilituma wasuluhishi, ikazitaka pande zote mbili zisimamishe mapigano, kana kwamba aliyevunja nyumba na aliyevunjiwa wana deni moja. Tanzania ilidai jambo la kwanza liwe kumtaja aliyevamia. Madai hayo hayakukubaliwa, na usuluhishi haukufika popote. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa nalo halikupitisha azimio lolote juu ya vita vile.

Udhaifu huo haukuanza mwaka 1978. Amin alitwaa madaraka kwa mapinduzi mwezi Januari 1971, na utawala wake uliua watu wengi, akiwemo Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana, mwezi Februari 1977. Pamoja na hayo, mwaka 1975 mkutano wa wakuu wa OAU ulifanyika Kampala na Amin akawa mwenyekiti wake. Tanzania ilikataa kuhudhuria. Kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani, iliyowekwa ili kuwalinda wanyonge dhidi ya mataifa makubwa, iligeuka kuwa pazia la kumficha mtawala anayewachinja watu wake. Taasisi inayokaa kimya raia wanapouawa haiepushi vita. Inaviahirisha tu, na kuviongezea ukali.

Haki inatudai tuseme pia upande wa pili. Mwaka 1972 wafuasi wa Milton Obote waliokuwa uhamishoni Tanzania walivuka mpaka na kuishambulia Uganda, wakashindwa, na mzozo ule ukatulizwa kwa Mapatano ya Mogadishu, Somalia ikiwa msuluhishi. Kwa hiyo, mwaka 1978 wapo viongozi wa Afrika waliojiuliza kama nia ya Tanzania ilikuwa ni ulinzi peke yake. Swali hilo halikuondoa uovu wa uvamizi, lakini halikuwa swali la kipuuzi.

Mpaka ulipovukwa

Hapa ndipo somo letu linapokuwa gumu. Mwanzoni mwa mwaka 1979 ardhi ya Kagera ilikuwa imekwisha kukombolewa. Lakini vita havikuishia hapo. Jeshi la Wananchi, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, liliingia Uganda. Mwezi Februari liliiteka miji ya Masaka na Mbarara, na majengo mengi ya miji hiyo yalibomolewa, wengi wakisema ni malipizi kwa yaliyotendwa Kagera. Libya ilituma askari kumsaidia Amin. Mwishoni mwa Machi Waganda wa vyama na makundi mbalimbali walikutana Moshi wakaunda chombo cha kuongoza nchi yao. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni mapigano yalikoma karibu na mpaka wa Sudan.

Mwezi Julai mwaka huo, katika mkutano wa OAU huko Monrovia, Jaafar Nimeiry wa Sudan, aliyekuwa akimaliza uenyekiti wake, aliilaumu Tanzania kwa kuvunja kanuni ya kutoingilia nchi nyingine. Rais mpya wa Uganda, Godfrey Binaisa, akasimama kuitetea Tanzania.

Nani alikuwa na haki? Tunaamini kwamba hoja ya Tanzania ilikuwa na uzito: kumwacha Amin ajipange upya kungekuwa kuwaacha watu wa Kagera, na Waganda wenyewe, mikononi mwa mtu aliyekwisha kuonyesha atakalofanya. Lakini ile sababu ya Novemba haikutosha tena. Kuvuka mpaka kulihitaji sababu mpya, nia mpya na uwezo wa namna nyingine, yaani uwezo wa kuijenga upya nchi ambayo serikali yake imeondolewa. Kuibomoa Masaka kwa hasira hakuhalalishwi na sababu yoyote. Augustino alifundisha kwamba lengo la vita ni amani, na kisasi si amani.

Tazama pia kilichofuata. Katika muda usiofika miaka miwili Uganda ilipitia serikali za Lule, Binaisa na Tume ya Kijeshi, kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote, na baada yake vita vya msituni vilivyodumu hadi 1986. Nyumbani Tanzania wananchi waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18; miezi hiyo ilipita na shida haikupita. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka foleni za sabuni, chumvi na vitambaa. Gharama ya vita hivyo haikuishia Kagera. Ililipwa na kila kaya, hata huku kusini, mbali kabisa na mpaka wa Uganda.

Hatusemi hayo ili kuwavunjia heshima wazee wetu waliopigana. Wao waliitika wito wa nchi, na wengine hawakurudi. Tunasema kwa sababu heshima ya kweli kwa askari ni kutomtuma katika hatua ya pili kwa sababu za hatua ya kwanza.

Ng'ambo ya Ruvuma

Afrika ilijifunza kitu. Sheria iliyoanzisha Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, katika ibara ya 4 iliupa Umoja huo haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Pazia lililomficha Amin lilipasuliwa, angalau katika maandishi.

Cabo Delgado imeonyesha umbali uliopo kati ya maandishi na matendo. Kwa ruhusa, vita hivi havina kasoro kubwa: serikali ya Msumbiji iliomba msaada, wakuu wa SADC waliridhia Juni 2021, na mwezi Julai askari wa nchi kadhaa, zikiwemo Afrika Kusini, Botswana, Lesotho na Tanzania, walianza kuingia. Rwanda nayo ilituma askari wake mwezi huohuo, kwa makubaliano yake yenyewe na Maputo. Mocímboa da Praia, uliokuwa mikononi mwa waasi kwa mwaka mzima, ulikombolewa Agosti 2021. Raia wengi waliweza kurudi makwao. Tunawashukuru askari waliolifanikisha hilo, na tunawaombea marehemu.

Lakini mpaka hapo ilikuwa imepita karibu miaka minne. Katika miaka hiyo Askofu Luiz Fernando Lisboa wa Pemba alipaza sauti bila kuchoka, watu wake wakichinjwa na kukimbia. Baba Mtakatifu Fransisko aliitaja Cabo Delgado katika ujumbe wake wa Pasaka wa mwaka 2020. Mwaka huohuo misheni kongwe ya Nangololo, iliyo katika nchi ya Wamakonde wa ng'ambo, ilishambuliwa. Dunia ilishtuka kwa kishindo Machi 2021, Palma uliposhambuliwa, mji ulio jirani na mradi mkubwa wa gesi asilia. Ndani ya miezi minne majeshi yakawasili. Hatuwezi kuingia katika mioyo ya viongozi tukawahukumu. Lakini mkulima wa mihogo wa Muidumbe ana haki ya kuuliza: je, kilio changu kilisikika lini, nyumba yangu ilipoungua au gesi ilipotishiwa? Hilo ndilo swali la nia.

Kisha likaja swali la uwezo. Kikosi cha SADC kilimaliza kazi yake Julai 2024, wakati mashambulizi hayajakoma. Vita hivi vilianzia kwa vijana wasio na kazi wala ardhi, waliohubiriwa chuki kwa jina la dini huku wakiona utajiri wa madini na gesi ukipita mbele ya macho yao. Bunduki inaweza kuurudisha mji. Haiwezi kumpa kijana shamba wala shule. Panapokosekana mpango wa kukaa na kujenga baada ya mapigano, sharti la matumaini ya kufanikiwa linakuwa halijatimizwa, hata kama karatasi za ruhusa zina mihuri yote.

Kipimo ni mkimbizi

Papa Yohane XXIII, katika waraka wa Pacem in Terris wa mwaka 1963, alifundisha kwamba manufaa ya wote ulimwenguni yanahitaji mamlaka ya umma yenye upeo wa ulimwengu mzima, iliyoundwa kwa makubaliano ya watu na si kwa mabavu. Kanisa halijaacha fundisho hilo. Papa Fransisko, katika Fratelli Tutti ya mwaka 2020, aliongeza onyo kwamba kwa silaha za leo ni vigumu sana kuvitegemea vigezo vya karne zilizopita ili kuzungumzia vita vya haki. Kwa hiyo Mkatoliki hawezi kuzidharau taasisi za kimataifa, wala hawezi kuziabudu. Anazidai zifanye kazi zake: kusema ukweli mapema, kumtaja anayedhulumu, na kubaki baada ya milio ya risasi kunyamaza.

Kazi yao nyingine inatugusa sisi moja kwa moja, nayo ni ulinzi wa anayekimbia. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza wasiwasi wake kwamba maelfu ya watu waliokuwa wakikimbia Cabo Delgado walirudishwa Msumbiji kutoka Tanzania kupitia Negomano, yaani upande wa pili wa Daraja la Umoja, lililojengwa Mtambaswala ili kuunganisha ndugu. Serikali ina wajibu wa kuulinda mpaka, na baada ya Kitaya hakuna awezaye kuudharau wajibu huo. Miongoni mwa wapiganaji wa ng'ambo wamekuwemo pia vijana wa Kitanzania. Lakini kumchunguza anayeingia ni jambo moja, na kumrudisha mama na watoto wake kwenye moto ni jambo jingine. Nchi hii iliwapokea Wamsumbiji katika miaka ya vita vya ukombozi, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa huduma kwa wakimbizi. Taifa linalosema limetuma askari ili kuwalinda raia wa Cabo Delgado haliwezi kuwafungia mlango raia haohao. Hapo sababu na matendo vinagombana.

Tufanye nini, basi? Kwanza, tuulize. Kuwauliza viongozi na wabunge wetu askari wanapelekwa wapi, kwa lengo gani na hadi lini si utovu wa uzalendo. Katekisimu inawakabidhi wenye dhamana ya manufaa ya wote kazi ya kupima masharti ya vita, na mwenye dhamana hutoa hesabu kwa aliowekewa kuwatumikia. Pili, jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwatazame vijana walioachwa bila kazi msimu wa korosho unapokwisha, kwa sababu huko ndiko wanunuzi wa damu wanakopita. Tatu, tusikubali vita hivi viitwe vya Wakristo na Waislamu. Ng'ambo wameuawa Wakristo na Waislamu pia, na hapa Masasi na Newala tunazikana, tunaozana na kukopeshana jembe. Anayetaka kuuvunja ujirani huo anawafanyia kazi wauaji, hata kama hana panga mkononi. Nne, anayebisha hodi akiwa amekimbia apewe maji kwanza, kisha aelekezwe kwa wahusika, maana Bwana alisema atahukumu kwa namna alivyopokelewa alipokuwa mgeni.

Historia itaendelea kubishana kuhusu Monrovia na Maputo. Mbele ya Mungu hatutaulizwa tulipata kura ngapi katika mkutano gani, bali ndugu yetu yuko wapi. Swali hilo aliulizwa Kaini, na halikungojea azimio la baraza lolote.

Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee sisi na ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Amina.